Vyuo vya Utepe

Iko nchi moja, mbali sana na hapa. Ni mbali kiasi kwamba msomaji hana haja ya kugeuka kuona nani anasoma nyuma ya bega lake. Jina la nchi hiyo halitajwi, si kwa woga, la hasha, bali kwa sababu habari hii ilipokuwa inaandikwa jina lenyewe lilikuwa wizarani likipakwa rangi.

Nchi hiyo inaongozwa kwa Sheria ya Uzinduzi. Ni sheria fupi, hata watoto wa chekechea huiimba wakiruka kamba: kitu cha umma kisitumike kabla ya kuzinduliwa, na kitu kikishazinduliwa kimekuwepo, wala hakizinduliwi tena. Basi. Kisima kikichimbwa na maji yakatoka, wananchi hukaa kando na ndoo zao wakiyatazama yanavyong'aa, mpaka mgeni rasmi apate nafasi ya kuja kukata utepe, kunywa glasi moja ya maji ya chupa na kuondoka na msafara wake. Hapo ndipo watu huteka. Hakuna anayeona ajabu. Ajabu ingekuwa mtu kunywa kabla.

Mji wa Lumbe, ulio ukingoni mwa mto wenye jina hilohilo, ulikuwa na bahati kuliko miji yote. Daraja lake lilizinduliwa mapema mno. Waziri wa Uzinduzi alikuwa na siku moja tu ya kufika Lumbe, na siku hiyo daraja lilikuwa halijaanza kujengwa. Lakini uzembe wa daraja hauwezi kuvuruga ratiba ya Waziri. Zikasimikwa nguzo mbili ukingoni, ukafungwa utepe mwekundu, Waziri akaukata, akanyoosha mkono kuelekea majini na kutamka: "Ndugu wananchi, kuanzia leo ng'ambo si ng'ambo tena!" Makofi yakarindima. Wajenzi walipofika baadaye na mchanga wao, walikuta bango: DARAJA LA LUMBE, LIMEZINDULIWA. Wakageuza malori. Kujenga daraja mahali penye daraja ni kufuja mali ya umma, na wao walikuwa watu waaminifu.

Daraja likapewa mlinzi, Afande Songoro, mtu wa makamo mwenye kofia ya kaki na filimbi shingoni. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna anayepita majini, maana kupita majini mbele ya daraja lililozinduliwa ni kulidharau. Kila asubuhi wanawake wanaokwenda soko la ng'ambo walipokunja kanga zao na kuingia mtoni, Afande alipuliza filimbi.

"Nyie! Daraja hamlioni?"

"Hatulioni, Afande."

"Hata mimi silioni. Lakini heshima haina gharama. Haya, piteni upesi, nageuka."

Akageuka, akaupa mto mgongo, wanawake wakapita.

Miongoni mwao alikuwamo Bi Tatu, muuza vitumbua, na beseni lake kichwani. Masika iliyopita maji yalimfika kifuani, mguu ukateleza, beseni likaenda na mto. Alirudi nyumbani ameloa chapachapa, akicheka. "Leo samaki wamefuturu," alisema. Kisha akaketi barazani, kicheko kikakatika, na mikono yake ikawa inatetemeka mapajani wala asiweze kuizuia.

Binti yake Siwema aliiona ile mikono. Alikuwa amemaliza shule, amefaulu hesabu na fizikia mpaka mwalimu wa fizikia akaomba kuonana na mzazi, ajue kama kuna tatizo nyumbani. Siku hiyo akakata shauri: atasomea uhandisi, ajenge daraja pale penye daraja.

*

Kilichobaki kilikuwa kuchagua chuo.

Zamani vyuo viliombwa kwa fomu, lakini fomu zilikuwa zinapotea njiani. Zikaletwa kompyuta, mfumo ukalala, na mpaka leo haujaamshwa. Kwa hiyo Tume ya Machaguo ikaanzisha Siku ya Kutamka. Mtahiniwa hupanda jukwaani mbele ya Mshauri Mkuu wa Machaguo na umma wote, hutaja chuo anachokitaka, umma hupiga makofi, mambo yamekwisha. Kilichopigiwa makofi kimepita, hakina rufaa.

"Taifa," alisema Mjomba Kondo. "Taifa tu, mwanangu. Kuna kingine?"

Mjomba Kondo, kaka yake Bi Tatu, alikuwa mstaafu wa serikali. Cheo chake kilikuwa Mpiga Makofi Mwandamizi, Wizara ya Uzinduzi. Ndiye aliyeanzisha makofi katika kila uzinduzi, umma ukafuata. Hata siku ya Daraja la Lumbe alikuwapo mstari wa mbele. Alistaafu kwa ugonjwa wa viganja, lakini kazi haikumtoka mwilini. Msemaji yeyote akisita kidogo kuvuta pumzi, mikono ya Mjomba ilipigana yenyewe. Misikitini alikuwa akiikalia. Mazikoni walimshikisha jembe.

"Chuo Kikuu cha Uhandisi cha Taifa," aliendelea, "geti lake nimelipigia makofi mimi. Geti, mwanangu! Ukisimama chini yake unaona kizunguzungu."

"Mjomba, geti nitalisomea nini?"

"We pita kwanza. Maswali utayakuta ndani."

"Nataka nikavione vyuo kwa macho yangu kabla ya kutamka."

Bi Tatu aliacha kukoroga unga. Kwenda kukiangalia chuo kabla ya kukichagua kulikuwa jambo lisilosikika, kama mtu kumkagua meno bibi harusi.

"Watu watasema hatuiamini serikali," alinong'ona Mjomba.

"Mpeleke," alisema Bi Tatu. "Mimi ndiye ninayeingia majini, si watu."

Mjomba Kondo akavaa koti lake la uzinduzi na kumsindikiza mpwa wake mji mkuu, shingo upande, ili angalau pawe na mtu wa kuomba radhi.

*

Geti la Taifa lilikuwa kweli geti. Lilikuwa refu kuliko majengo ya chuo chenyewe, na lilikuwa na geti dogo juu yake kwa ajili ya matumizi ya baadaye. Walipokelewa na Dokta Ngwanda, Mhadhiri Mwandamizi wa Nadharia ya Vyuma, mtu mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kifuani.

"Binti amekuja kuona karakana," alieleza Mjomba, akikunja uso wa kuomba msamaha.

"Ataiona vizuri sana," alisema Dokta. "Sisi kuona ndiyo fani yetu."

Karakana ilikuwa jumba la vioo. Ndani zilipangwa mashine mpya, kubwa, zimeviringishwa nailoni, na kuzizunguka zote ulipita utepe mwekundu uliofifia hadi kuwa wa waridi. Nje, wanafunzi walikuwa wamejazana madirishani, pua zimebandikwa kwenye vioo, wakiandika.

"Mwaka wa kwanza hutazamia dirisha la mashariki, ambako jua linasaidia," alisema Dokta. "Mwaka wa mwisho huruhusiwa kutumia darubini."

"Wanazigusa lini?" aliuliza Siwema.

"Kugusa?" Dokta Ngwanda alimtazama Mjomba kana kwamba ndiye aliyemlea vibaya. "Binti, hazijazinduliwa."

"Mgeni rasmi anakuja lini?"

"Amethibitisha kwamba atathibitisha."

"Na wewe, Dokta, uliwahi kuigusa hata moja?"

"Mimi nimeziandikia kitabu," alisema Dokta kwa upole mkubwa. "Nimeeleza upande unaoonekana. Upande wa nyuma nimewaachia watafiti wa kizazi kijacho." Akasita, akavua miwani ya usoni ili kuipanguza.

Mikono ya Mjomba ikapigana. Dokta akainama kushukuru.

Kijana mmoja dirishani alimvuta Siwema pembeni. "Dada, hapa usije," alinong'ona. "Tumebishana muhula mzima kuhusu kile kitu cheusi ubavuni mwa mashine. Nusu ya darasa wakasema ni swichi, nusu wakasema ni mjusi."

"Mkaafikiana?"

"Jana kilihama. Lakini Dokta anasema tusubiri, huenda ni swichi ya kisasa."

*

Chuo cha pili kiliitwa Chuo Kikuu cha Uhandisi cha Mwangaza, nacho kilikuwa na sifa ambayo Taifa hawakuwa nayo: kilizinduliwa chote, kuanzia msingi hadi paa. Siwema na Mjomba walikipata nje ya mji, mwisho wa barabara ya vumbi. Palikuwa na jiwe zuri la uzinduzi lenye maandishi ya dhahabu. Nyuma ya jiwe palikuwa na pori. Porini palikuwa na mbuzi, na katikati ya mbuzi, chini ya mwavuli, aliketi Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Mtengeti, mezani kwake.

"Karibuni, karibuni! Tafadhali zungukeni hapo kushoto, baba, mnaupita ukuta."

Mjomba Kondo aliruka nyuma, akauomba radhi ukuta, akazunguka na kuingilia mlangoni. Siwema akapita mlemle ukutani.

Profesa aliwatembeza. Hii ni maktaba, naomba tupunguze sauti. Huu ni ukumbi wa mihadhara. Lile bweni la wasichana, na kwa hiyo wewe, baba, utabaki hapa. Mjomba akabaki, ameligeuzia bweni mgongo kwa adabu zote, huku beberu mmoja akiingia na kutoka bila kibali.

"Na wanafunzi wako wapi, Profesa?" aliuliza Siwema.

"Makwao, wakijisomea. Tunawaita siku ya kuandikishwa na siku ya mahafali. Hapo katikati tunawaamini."

"Na mitihani?"

"Tangu tuzinduliwe hajafeli hata mmoja," Profesa alijipiga kifua. "Afelie wapi? Chumba cha mtihani ndicho hicho ulichosimama ndani yake."

"Na shahada ni ya kweli?"

"Shahada kamili, yenye muhuri! Binti yangu, chuo hiki kimezinduliwa." Akanyamaza ili maneno hayo yazame.

Makofi yakalia. Mbuzi wakatawanyika.

*

Waliporudi stendi, Siwema alikuwa amevimba kwa hasira. Mjomba alijaribu kumtuliza kwa muwa.

"Sasa umeona vyote. Kimoja kina mashine, kimoja kina hewa safi. Tamka Taifa, twende zetu."

"Nitasoma kwa kuchungulia, Mjomba? Daraja nalo nitalijenga kwa kuchungulia? Mama apite juu ya kitabu cha Dokta?"

"Sasa utafanyaje?"

"Nitalalamika."

Mjomba aliangalia huku na huku, akamfunika mdomo kwa kile kipande cha muwa. Lakini Siwema alikwisha kumgeukia mama mmoja muuza karanga. "Shikamoo, mama. Ofisi ya malalamiko iko wapi?"

Mama yule aliacha kukunja karatasi. "Marahaba. Ipo, mwanangu, nyuma ya soko la mbao. Ila hakuna anayekwenda. Maofisa wanaikimbia wasije wakaambiwa kitu, na wananchi wanaikimbia wasije wakasikilizwa."

Ilikuwapo kweli. Jengo refu la bati, nyasi zimeota mlangoni, na juu bango kubwa: OFISI YA MALALAMIKO YA WANANCHI. Siwema alikuwa ameinua mkono kubisha hodi aliposikia, kutoka ndani, nyundo. Kisha msumeno. Kisha mtu akacheka, na harufu ya chuma kilichochomelewa ikapita chini ya mlango.

Kidirisha kikafunguka. Akachungulia mwanamke mnene wa ovaroli, miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso.

"Mnataka nini?"

"Kulalamika," alisema Siwema.

"Kuhusu nini?"

"Vyuo vya uhandisi."

"Nakusikia."

Siwema akafunguka. Alimwaga yote: pua kwenye vioo, mjusi, ukuta usiokuwapo, daraja lisilokuwapo, beseni lililokwenda na maji, mikono ya mama yake. Hakusita hata mara moja, kwa hiyo Mjomba hakupata nafasi. Alipomaliza alikuwa anahema.

Komeo likavutwa, mlango ukafunguka wazi.

"Umefaulu usaili," alisema yule mwanamke. "Ingia. Na huyo mzee wako mwingize, ila asiguse msumeno."

*

Jina lake lilikuwa Mwalimu Tindwa, na pale palikuwa chuo. Wasichana na wavulana waliokolea masizi walikuwa wakikata vyuma, wakifunga nondo, wakivunja zege walilolimwaga wenyewe ili kuona lilishindwa wapi. Kila mmoja wao, alisema Mwalimu, alifika pale kwa njia moja tu: alikuja kulalamika.

"Mbona mmejificha, Mwalimu?" aliuliza Siwema, macho yamemtoka kwa furaha.

"Tusije tukazinduliwa. Wakituzindua leo, kesho mashine ile inavishwa nailoni, huyu kijana anapewa suti ashike shada, na hapa panawekwa zulia. Mwanzoni tulibandika bango la CHOO CHA UMMA. Nusura tuzinduliwe. Naibu Waziri alikuja na mkasi na bendi. Tulimwambia kuna nyoka. Ndipo tukabandika hili la malalamiko. Tangu hapo hakuna ofisa aliyeikanyaga barabara hii."

"Mnatoa shahada?"

Mwalimu Tindwa alishusha pumzi. "Tutaitoaje? Sisi hatupo. Hatujazinduliwa."

Furaha ya Siwema ikazimika kama taa. Mjomba Kondo, ambaye sheria aliijua kama mistari ya viganja vyake, akamaliza kazi: "Asiye na shahada ya chuo kilichozinduliwa haruhusiwi kugusa daraja, mwanangu, hata kwa kulifagia. Ni jela. Twende zetu." Kisha akabana miguu, akauliza kwa aibu, "Samahani, Mwalimu. Msalani ni wapi?"

"Kule, ng'ambo ya mfereji."

Uani palipita mfereji mkubwa wa maji ya mvua, na juu yake kidaraja cha chuma na mbao, kazi ya wanafunzi. Mjomba alikifikia, akasimama.

"Kimezinduliwa?"

"Bado, baba."

"Basi sipiti. Sijawahi kukanyaga kitu kisichozinduliwa, tangu nizaliwe."

"Msalani ni ng'ambo, baba. Hiari yako."

Wanafunzi wakaacha nyundo zao kutazama. Mtumishi mstaafu wa umma alisimama pale, dini ya maisha yake upande mmoja na kibofu upande wa pili. Aliangalia kulia na kushoto kutafuta mgeni rasmi. Hapakuwa na mgeni rasmi. Hatimaye akafumba macho, akapitisha mguu mmoja, akapitisha wa pili, na mwisho akakimbia.

Aliporudi hakukimbia. Alifika katikati ya kidaraja, akasimama. Akarukaruka kidogo, kama mtoto kitandani. Akainama kugusa chuma kwa kiganja kile kibovu.

"Siwema," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Madaraja nimeyapigia makofi maisha yangu yote. Hili ndilo la kwanza kunibeba."

Walipofika kwa muuza karanga Siwema akasimama ghafla.

"Mjomba, Profesa wa Mwangaza alisemaje kuhusu wanafunzi? Hapo katikati?"

"Alisema hapo katikati wanawaamini."

"Basi nataka waniamini nikiwa kwa Mwalimu Tindwa."

Mjomba Kondo alitafuna karanga polepole. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka koti la uzinduzi likakatika kifungo.

*

Siku ya Kutamka, katika uwanja wa Lumbe, jua lilikuwa kali na hotuba ilikuwa ndefu. Mshauri Mkuu wa Machaguo, Bwana Mandwanga, alikuwa ameketi chini ya turubai kwenye kiti cha mito, na watahiniwa wakapanga mstari juani. Kila aliyepanda alisema kile ambacho kila mtu husema: chaguo la kwanza Taifa, la pili Taifa, la tatu Taifa likinihitaji. Makofi. Anayefuata.

Siwema alipopanda, Bwana Mandwanga alisimama kwa heshima ya alama zake.

"Ndugu wananchi! Huyu ndiye kito cha Lumbe! Tamka, binti, tamka bila woga chuo ambacho sote tunakijua!"

"Mwangaza," alisema Siwema.

Hakuna aliyewahi kukichagua Mwangaza. Watu walikuwa wakipelekwa. Bi Tatu, chini pale na beseni lake jipya, alishika kifua. Na kwa kuwa hakuna aliyepiga makofi, jambo lilikuwa halijapita. Siwema alilijua hilo. Bwana Mandwanga naye alilijua. Akasogea mbele, akitabasamu.

"Msameheni, ni jua. Ndugu wananchi, mtoto mwenye alama hizi ni pambo la taifa. Tumemwekea dirisha la mbele kabisa! Hatuwezi kumwacha apotelee porini kwa kuteleza ulimi. Yeye amesema Mwangaza. Lakini mimi, kwa mamlaka niliyopewa, kwa niaba yake, natamka…"

Jasho likamwingia jichoni. Akasita, akatoa leso.

Kwa! Kwa! Kwa! Mstari wa mbele, Mjomba Kondo alikuwa amesimama, koti limefungwa kwa pini, viganja vyake vibovu vikigongana kama siku za ujana wake. Umma uliozoea kumfuata ukamfuata bila kuuliza. Uwanja mzima ukalipuka. Vigelegele vikapanda, filimbi ya Afande Songoro ikalia, na watu waliokuwa wamesinzia wakaamka wakipiga makofi.

Bwana Mandwanga alibaki na leso mkononi na neno mdomoni. Jina la mwisho lililotajwa pale jukwaani lilikuwa Mwangaza, na lilikuwa limeshapigiwa makofi.

"Nani ameanza?" alinguruma.

"Mimi, Mheshimiwa," alijibu Mjomba kwa unyenyekevu mkubwa. "Unisamehe. Mikono ya kazi hii. Wewe ulisita."

Bwana Mandwanga akarudi kwenye kiti chake cha mito, kwa sababu sheria ilikuwa yake mwenyewe. Ila Siwema, akishuka ngazi, alimwona mjomba wake akimkonyeza. Ilikuwa mara ya kwanza mikono ile kupiga makofi kwa kutumwa na mwenyewe.

*

Siwema aliandikishwa Mwangaza siku ya kuandikishwa, akawasalimu mbuzi, akaaminiwa. Miaka ya katikati aliitumia kwenye Ofisi ya Malalamiko, akiungua vidole na kuvunja zege lake mwenyewe mpaka likakataa kuvunjika. Siku ya mahafali alirudi porini kuchukua shahada yenye muhuri. Profesa Mtengeti alimsifu kwa mahudhurio yake mazuri.

Hakuomba kibali cha kujenga daraja Lumbe, kwa kuwa daraja lilikuwapo. Alitoa taarifa tu, kama mhandisi mwenye shahada ya chuo kilichozinduliwa, kwamba Daraja la Lumbe linahitaji ukarabati. Wizara ilifurahi sana kusikia daraja lake bado lipo. Wakaja vijana wa Mwalimu Tindwa na vyuma vyao, watu wa Lumbe wakabeba mawe, na ukarabati ukaanzia kwenye mwamba, chini ya maji, ukapanda juu, mpaka ukafika ng'ambo.

Afande Songoro ndiye aliyepata taabu. Miaka yote alikuwa akililinda daraja kwa kuupa mto mgongo, na sasa kila akigeuka analiona. Asubuhi ya kwanza alilipigia saluti, akasahau kushusha mkono.

Asubuhi hiyohiyo msafara ukatokea. Waziri wa Uzinduzi, yuleyule, mzee sasa, aliteremka na mkasi kwenye mto wa hariri.

"Utepe uko wapi?"

Afande Songoro akakakamaa. "Mheshimiwa, lilishazinduliwa."

"Na nani?"

"Na wewe mwenyewe, Mheshimiwa. Na kitu kikishazinduliwa hakizinduliwi tena. Ni sheria. Watoto wanaiimba."

Waziri alilitazama daraja kutoka ukingo hadi ukingo, akautazama mkasi wake, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake uliotukuka hakukuwa na kitu cha kukata. Lakini hotuba alikuwa nayo. Akapanda juu ya jiwe.

"Ndugu wananchi! Siku ile niliwaambia nini? Niliwaambia ng'ambo si ng'ambo tena!" Akanyamaza, kidevu juu, akingoja.

Watu wote wakamgeukia Mjomba Kondo, maana yeye ndiye huanza.

Pale mwanzo wa daraja Bi Tatu alikuwa ameshatangulia, kanga yake imeshuka mpaka kwenye vifundo vya miguu, kavu, bila haja ya kukunjwa. Alipiga hatua chache, akasimama, akakanyaga kwa kisigino. Siwema alimfuata nyuma akiangalia mikono yake, nayo ilikuwa imetulia ubavuni, mitupu, kwa sababu siku hiyo beseni hakulibeba yeye. Lilikuwa kwa kaka yake, limekumbatiwa kwa mikono yote miwili, likifuka moshi.

Waziri akakohoa kidogo, kumkumbusha.

"Uniwie radhi, Mheshimiwa," alisema Mjomba Kondo akimpita. "Vitumbua vinapoa."